Mwalimu Aliyesahihisha Orodha ya Mbolea

Kijijini kwetu, juu kidogo ya soko la Chaka ukielekea mlimani, ukisema "Mwalimu" bila kuongeza jina, hakuna anayekuuliza ni yupi. Walimu wako wengi. Mmoja anafuga nguruwe, mwingine anashona sare za shule, na wawili bado wanafundisha. Lakini Mwalimu ni mmoja tu, yule aliyestaafu zamani na habari hiyo haijamfikia.

Mimi ni jirani yake. Kati ya boma lake na letu kuna ua wa kaiyaba, ule wenye miiba mirefu, na kwa miaka yote hii nimemsikia kupitia ua huo kuliko nilivyomwona. Nimemsikia akimwambia jogoo asimame wima anapowika. Nimemsikia akimuuliza fundi wa bomba kwa nini maji hayaji, na fundi aliposema "shida iko kule juu", akamwambia, "Jibu kwa sentensi kamili." Hata mume wake, dereva wa lori mstaafu, mtu mpole asiyevua kofia yake ya sufu, humwita Mwalimu anapomwomba chumvi.

Alikuwa akisahihisha kila karatasi iliyopita mbele yake. Kadi za harusi, ratiba za mazishi, matangazo ya kanisa, barua za wapangaji. Kadi ya mchango wa harusi ya binamu yangu ilirudi na saba kwa kumi, tukashukuru. Jirani wa bondeni alipata nne, na chini yake maneno "Hukujitahidi". Kalamu zake nyekundu alizinunua Nyeri, kwenye duka dogo la Majengo karibu na msikiti, na mzee mwenye duka alimwekea boksi zima chini ya kaunta kwa sababu hakuna mteja mwingine aliyezitaka.

"Mwalimu," mzee huyo alimuuliza siku moja nilipomsindikiza, "huko kwenu kwani kuna makosa mangapi?"

"Mengi. Niwekee boksi lingine."

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini jambo la mbolea lilikwenda lilivyokwenda.

Serikali hutoa mbolea ya ruzuku. Mkulima analipa sehemu ya bei na serikali inamalizia. Kuipata, unajiandikisha kwa naibu wa chifu, unataja jina na ukubwa wa shamba, kisha unangoja meseji ya kukuambia utachukua magunia mangapi. Bila meseji unanunua kwa bei ya dukani, au unapanda hivyo hivyo. Na huku kwetu Kieni, mvua ikiwa ya kuhesabu matone, ukipanda hivyo hivyo unavuna nyasi zilizowahi kutamani kuwa mahindi.

Mama yangu alijiandikisha, na misimu miwili ikapita bila meseji. Mahindi yake yalifika magotini yakakata tamaa. Kila alipouliza ni nani waliopata, aliambiwa kwamba orodha iko. Iko wapi, hakuna aliyejua. Mvua za masika zilikuwa zimebakiza wiki chache, na hakuwa na mfuko hata mmoja.

Mwalimu alipomkuta akilia kando ya tangi la maji, hakumfariji. Hakuwa na kipaji hicho. Alimuuliza tarehe aliyojiandikisha, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu nyekundu, akasema, "Hiyo orodha itasomwa mbele ya watu kabla ya mvua." Kuanzia siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani.

Ubao wa matangazo wa naibu wa chifu una mlango wa kioo na kufuli. Ufunguo ulipotea zamani, na ndani yake kuna tangazo la chanjo ya mbwa ambao, kwa hesabu yangu, wote wamekwisha kufa kwa uzee. Naibu mwenyewe alifundishwa na Mwalimu darasa la tatu. Ni mtu mzima, ana sare ya kaki na watoto sekondari, lakini akimwona anaweka mikono nyuma bila kujua.

"Orodha iko wapi?" Mwalimu alimuuliza. Mimi nilikuwa nimeenda kuomba barua, nikasahau barua.

"Imebandikwa, Mwalimu."

"Wapi?"

"Kwa ukuta."

"Ukuta upi? Naona kalenda na picha ya ng'ombe."

"Iko nyuma ya kabati, Mwalimu."

"Nani anasoma nyuma ya kabati?"

"Ni upepo, Mwalimu. Ikikaa mbele inapeperushwa."

Kabati lilikuwa la chuma, limejaa mafaili. Naibu alisema haliwezi kusogezwa bila ruhusa kutoka juu. Mwalimu akaleta kiti chake cha turubai, akaketi mlangoni kila Jumanne akifuma vitambaa vya meza, na kila aliyekuja kwa shida zake alilazimika kuruka uzi. Naibu hakusogeza kabati. Wiki ya tatu, Mwalimu alifanya kile ambacho angefanya tangu mwanzo kama asingeheshimu sare. Alimwambia aende nyumbani na asirudi bila mzazi.

Sitanii. Mama yake naibu, cucu, yaani bibi, wa miaka mingi sana, aliletwa na pikipiki asubuhi iliyofuata, amejifunga blanketi, amekasirika kama mtu aliyeondolewa kando ya moto.

"Huyu amefanya nini tena?" aliuliza.

"Ameficha orodha ya mbolea."

Cucu alimgeukia mwanawe. "Si nilikwambia uache kuficha vitu? Mpe Mwalimu karatasi yake."

Naibu alivua kofia, akashika kabati upande mmoja, mimi nikashika wa pili. Orodha ilikuwepo kweli, imebandikwa kwa gundi. Lakini tulipolisogeza, kabati liliyumba, na chini ya mguu mmoja Mwalimu akaona karatasi iliyokunjwa mara nane. Akaiokota, akaikunjua kidogo kidogo. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa kujiandikisha, wa wale waliokuja siku ya mwisho. Mama yangu alikuwa wa tatu kutoka juu, ana alama ya mguu wa kabati kwenye ekari zake.

"Kabati lilikuwa linatikisika," naibu alisema kwa sauti ya darasa la tatu. "Nikasema nitatumia ile karatasi imebaki."

Kwa hiyo mama alikosa mbolea misimu miwili ili mafaili yasiyumbe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Mwalimu hakuwa mnyoofu kama rula, ingawa alipenda kuonekana hivyo. Alitaka kila kitu kiwe wazi isipokuwa vitu vyake. Hakuna aliyewahi kuona ndani ya kiondo chake. Umri wake hakuutaja, na ukimuuliza ukubwa wa shamba lake alisema, "Linatosha." Mbele ya kanisa zima alitangaza kwamba hajawahi kugusa mbolea ya serikali. "Mimi natumia samadi ya mbuzi. Mbuzi hana orodha." Lakini sisi majirani tulijua kwamba alilima pia kona ya kiwanja cha kanisa, ukanda wa kando ya reli, na kipande cha shule kilichoachwa. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alisema ardhi ikikaa bure inajifunza uvivu. Hatukumwambia kitu, maana wote alitufundisha kusoma.

Na alikuwa na fahari moja ya nyumbani, nayo ilikuwa benchi. Lilikaa sebuleni, refu, pana, limefunikwa vitambaa vyeupe vyenye tausi alivyofuma mwenyewe. Mume wake alimtengenezea kama zawadi. Lilikuwa gumu mno kukalia, lakini wageni walisifu kwa kuogopa. Baada ya msimu mmoja benchi lilirefuka, akatuambia kwa furaha kwamba mzee ameliongeza bila hata kuambiwa.

Mwalimu aliibandua orodha, akaichukua nyumbani kuisahihisha, akatangaza kwamba Alhamisi itasomwa kwenye baraza. Siku nzima ya kwanza nilimsikia kupitia ua akinung'unika na kugonga meza. Kisha, mchana wa pili, kukawa kimya. Hata jogoo alinyamaza. Mama akanituma nikaombe chekecheo, ambalo hatukulihitaji.

Nilimkuta sebuleni, orodha mapajani, kalamu imefungwa.  Aliniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Yalikuwa majina yake, yote matatu. Ekari kumi na moja.

"Mimi sijawahi kuona hata gunia moja," alisema.

Mume wake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniangalia wala hakumwangalia mkewe. Aliangalia benchi. Nami nikaangalia benchi. Mwisho Mwalimu naye akaangalia benchi, akainuka, akaenda, akainua kitambaa cha tausi kwa vidole viwili kama mtu anayefunua chungu asichokipika yeye.

Magunia yalikuwa yamepangwa vizuri sana, lazima niseme. Dereva wa lori anajua kupanga.

"Mzee," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Eleza."

Akaeleza. Kijana wa kuandikisha wakulima nyumba kwa nyumba alikuja na tableti yake, Mwalimu akiwa kanisani. Aliuliza mama wa nyumba hiyo anapanda wapi. Mzee, ambaye hajui kudanganya, akamtajia kila mahali, shamba, kona ya kanisa, reli na shule. Kijana akajumlisha, akaongeza kidogo ili hesabu ikae vizuri. Meseji zilikuja kwenye simu ya mzee, kwa sababu simu ya Mwalimu huzimwa ili betri isichoke. Mzee akaona ni dhambi kuacha kitu cha bei nafuu kipotee, akalipa kwa pesa za mayai, akaleta.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshasema ya mbuzi kanisani. Sikutaka kuharibu jina lako. Nikaona nikufanyie kiti."

Nilijiuma ulimi nisicheke, na nadhani yeye pia alijiuma, kwa sababu midomo yake ilipotea kabisa.

Naibu alifika jioni hiyo hiyo, anapumua kwa kupanda mlima. Alikuwa ameliona jina la Mwalimu kwenye orodha siku zote, na sasa aliona mlango wa kutokea.

"Mwalimu, hii ni kitu ndogo sana. Natoa tu huo mstari. Naandika orodha ingine safi. Hakuna mtu atajua."

"Wewe utajua," alisema Mwalimu. "Na tangu darasa la tatu hujawahi kukaa na siri hadi mapumziko."

"Basi tuache baraza. Mama wa jirani nitamtafutia magunia mawili, mambo yaishe."

 Mama yangu angepata mbolea papo hapo, bila kelele, mvua ikiwa karibu. Mwalimu aliniangalia kwa muda, kana kwamba swali nimelileta mimi, kisha akafungua kalamu.

"Keti," alimwambia naibu. Naibu akaketi kwenye benchi. "Alhamisi, saa nne. Uje, na kabati uliache wazi."

Alhamisi watu walijaa nyasini mbele ya ofisi kuliko siku ya kugawa miche. Mwalimu alisimama na orodha kama daftari la mahudhurio.

"Nikikutaja, sema niko. Kisha taja ekari zako. Asiyekuwepo, ndugu yake aseme yuko wapi."

Jina la kwanza lilikuwa la guka aliyezikwa kabla ya barabara kuwekwa lami.

"Hayuko," alisema mjukuu wake.

"Yuko wapi?"

"Alituacha, Mwalimu. Mimi hata sikumpata akiwa hai."

"Na mbolea alichukua lini?"

"Msimu uliopita."

Watu walicheka hadi wengine wakalala nyasini, lakini kijana hakuwa mwizi. Hati ya shamba bado iko kwa jina la guka, kwa sababu kurithi kisheria ni safari ya mahakamani ambayo hakuna nyumba kwetu imeimaliza. Ikawa hivyo jina baada ya jina. Marehemu wa kijiji hiki ni wakulima hodari. Mwalimu aliandika kando ya kila mmoja, "Apumzike. Mrithi ajiandikishe."

Wengine walikuwa hai mno. Mwenye duka la pembejeo, ambaye shamba lake ni makopo matatu ya maua mlangoni, alikuwa na ekari saba.

"Unalima wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Huku juu."

"Juu wapi? Nimejumlisha ekari za kijiji hiki zote. Tumepita msitu, tumepita mianzi, tumefika kwenye theluji. Anayelima barafuni ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Mwenye duka alikumbuka ameacha duka wazi.

Kisha Mwalimu akafika mstari ule. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akasoma majina yake matatu, mawili ambayo hatukuwahi kuyasikia.

"Niko," alijijibu. "Ekari?" akajiuliza. "Moja na nusu." "Orodha inasema kumi na moja." "Nyingine ni za kanisa, reli na shule. Nimezilima bila kuomba. Magunia yako nyumbani kwangu, mengi, na nimeyakalia misimu miwili."

 Naibu alionekana akihesabu kwa vidole mara alizokunywa chai kwenye benchi lile.

Sauti ikatoka nyuma, "Soma na mwaka wa kuzaliwa! Si uko hapo? Soma yote!"

"Huo sikupewa na serikali," Mwalimu alisema, akafungua ukurasa unaofuata.

Hapo ndipo mume wake aliposimama, ameshika kofia yake mkononi, ikawa mara yetu ya kwanza kuona kichwa chake. "Watu wetu, ni mimi. Yeye hakujua."

"Keti, Mzee. Sijakuita."

Alasiri hiyo benchi lilitolewa sebuleni gunia baada ya gunia na kwenda kwa wale wa karatasi ya mguu wa kabati, kwa bei ile ile ya mayai. Naibu mwenyewe alibeba.

"Ati Mwalimu, hii kiti yote nilikuwa nakalia ni fatalaiza?"

"Ndiyo. Na bado hukukua."

Mama alipata magunia mawili yenye bonde katikati, pale wageni walipokuwa wakiketi. Mvua ilikuja wiki iliyofuata, na mahindi yake yalipita kichwa changu. Orodha ilibandikwa ukutani kwenye mashine ya kusaga, ambako kila nyumba hupita, ikiwa na alama nyekundu kila mstari. Kando ya jina lake Mwalimu alijiandikia sufuri na neno "Nione". Siku hiyo nilimsikia kupitia ua akijikaripia kwa muda mrefu, na akijibu.

Nilimwona mara ya mwisho msimu huu, kwenye bohari ya mbolea, asubuhi yenye baridi, mawingu yameshuka hadi kwenye mapaa. Siku hizi hakuna orodha ya kubandika. Kila mtu anapata meseji yake, na ofisi inasema mambo ya mtu ni ya mtu. Mwalimu alikuwa mbele yangu kwenye foleni, amepungua, ameegemea kiti chake cha turubai kilichokunjwa. Kona ya kanisa amerudisha. Ukanda wa reli bado anafikiria.

"Umepata ngapi?" aliniuliza.

Nilimwonyesha simu. Hakuitazama.

"Sikukwambia unionyeshe. Soma."

Nikaona aibu, watu ni wengi. Yeye akatoa simu yake, ambayo sasa huiwasha, akageukia foleni na kusoma kwa sauti ile ya darasani jina lake, ekari moja na nusu, magunia matatu. Karani wa dirishani alitoa kichwa na kusema, "Mama, hiyo ni siri yako, huhitaji kutangazia watu."

"Ni yangu," Mwalimu alisema, "ndiyo maana natangaza."

Nikasoma ya kwangu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, mgeni kwetu, mwenye viatu vya gambuti na mtoto mgongoni, akatazama kulia na kushoto, akasoma ya kwake. Mzee mmoja akampa jirani yake simu amsomee. Ikawa inashuka kwenye foleni hivyo, jina, ekari, magunia, hadi ikamfikia bwana mmoja mwenye miwani ya jua na viatu visivyojua matope. Aliitazama simu yake. Akatutazama. Akasema amesahau kitambulisho kwa gari.

"Kilete," Mwalimu alimwambia, akikunjua kiti chake. "Tutakungoja."

Akaketi, akageuka kuelekea barabarani. Karani aliita, "Anayefuata!" mara mbili, na foleni nzima, iliyokuwa imepigwa na baridi tangu alfajiri, haikusogea hata hatua.